Nilikoroma Siku ya Ruracio Yangu

Nawaambia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Tata Wangari, maana shangazi yangu huyo akisimulia lazima aongeze chumvi, na hii yangu haihitaji chumvi hata punje. Siku watu wa Mburu walipokuja kwetu Witeithie kuleta mahari, mimi bibi arusi, mimi mwenye shughuli, nililala fofofo mbele ya wageni karibu mia, nikakoroma, halafu nikaamka nikamfukuza mama mkwe. Haya, chekeni mmalize ndipo niendelee.

Kwanza mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Nauza mapazia Ruiru mjini, nimepanga Mwihoko, na kwa miaka kadhaa nilikuwa kwenye kikundi cha maombi ya simu kinachoanza saa tisa usiku. Sisemi maombi ni mabaya, msinielewe vibaya, shida ilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona usingizi ni kama dhambi ndogondogo za watu wasiojitambua, na kila asubuhi naweka kwenye status ya simu yangu, "Wengine wakikoroma, sisi tuko vitani," kisha nakaa nikiangalia nani ameiona na nani amejifanya hajaiona. Mchungaji wetu alihubiri Jumapili moja kuhusu kupumzika, akasema Eliya alipochoka alilala chini ya mti na malaika hakumkemea, alimletea chakula akamwacha alale tena, na mimi nikamnong'oneza jirani yangu kwamba mahubiri hayo ni ya wavivu. (Kumbe jirani mwenyewe alikuwa anasinzia.)

Lakini niseme pia ukweli wa moyo wangu, nilikuwa na hofu. Nina miaka thelathini na nne. Miaka mitatu kabla ya Mburu kulikuwa na mwingine, na watu wake tuliwangoja kuanzia saa nne asubuhi, hema limesimama, mbuzi wameiva, mpaka jua likashuka wasitokee, na mama akawagawia majirani chakula huku akitabasamu tabasamu ambalo sitaki kuliona tena usoni pake. Kwa hivyo Mburu aliposema watu wake wanakuja (yeye ni fundi wa pampu za maji, kwao ni Thika, upande wa Chania, mtu mpole asiye na maneno mengi), nilifurahi kwa siku moja tu, baadaye ile hofu ikarudi. Kiongozi wa kikundi akauliza nani atashika zamu za kukesha wiki hiyo ya mwisho kabla ya wageni. Mtu mwenye akili angeomba zamu moja. Mimi nikasema nipeni zote saba.

Mchana nauza mapazia, usiku naomba, alfajiri naoga maji baridi narudi kazini. Siku ya nne nilimkatia mteja pazia la dirisha kwa vipimo vya mlango. Siku ya sita nilikwenda nyumbani Witeithie, na mama akaniangalia tu mlangoni.

"Njeri, macho yako ni kama ya mtu ametoka kunywa chang'aa. Si ulale hata lisaa limoja?"

"Nitalala Jumapili, mama. Nikilala sasa nitakuwa nimefungua mlango."

"Mlango gani?"

Mlango wenyewe hata mimi sikuujua.

Sasa, kwetu siku ya ruracio, yaani ya kuleta mahari, kuna mchezo. Bibi arusi hufunikwa leso kutoka kichwani mpaka miguuni pamoja na wanawake wengine, na bwana arusi hupita mbele yao akichagua, akikosea anapigwa faini na watu wanafurahi. Kwa kawaida tunasimama, lakini mimi ni mrefu kuliko ukoo mzima, hata kipofu angenichagua, basi binamu yangu Wambui akatoa wazo kwamba safari hii tuketi, ili urefu usionekane. Wote wakamsifu. Tukawekewa viti sita vya plastiki kwenye nyasi, chini ya hema, na mimi nikafunikwa leso mbili ili viatu visijulikane.

Nyinyi mmewahi kukaa chini ya leso mbili saa saba mchana, baada ya usiku saba? Kuna joto zuri mle ndani, kuna giza, na leso mpya ina ile harufu ya dukani, halafu nje Mzee Karanja, ndugu wa marehemu baba yake Mburu na ndiye msemaji wao, alikuwa anaanza hotuba kwa kueleza safari yao tangu walipowasha magari. Nilijiambia nifumbe macho kidogo, nimshukuru Mungu kwamba wamefika. Nikasema, "Baba, asante kwa..." na mpaka leo sijui nilikuwa namshukuru kwa nini.

Yaliyofuata niliambiwa na Wambui, aliyekuwa kiti cha pili. Anasema nilianza polepole, kama paka, nikapanda mpaka nikawa kama mashine ya kusaga. Watu wakadhani ni utani umepangwa, kwamba kuna mmoja ameambiwa akorome ili kumchanganya kijana, wakacheka sana. Mburu akapita mbele yetu, akasimama kwangu, akasikiliza, akatingisha kichwa, akasema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, "Huyu siye. Wangu halali." Wakampigia makofi. Na alikuwa na haki, maana alisoma status zangu kila asubuhi kwa mwaka na nusu. Kwenye kiti cha tano akasikia mtu anaomba kwa sauti ya chini, akatabasamu, akamshika mkono, akasema, "Mpenzi wangu ni huyu, hata hapa anaomba." Wakafunua. Tata Wangari, miaka hamsini na nane, meno mawili ya mbele hayapo, akamwangalia akamwambia, "Nimekubali, mwanangu, twende tu."

Faini ikatajwa, vigelegele vikapigwa, na mimi nakoroma. Sasa wakaanza kuona mchezo umekuwa mrefu. Mama yake Mburu, mwanamke mkulima, mikono migumu, maneno machache, ndiye aliyeshuku. Akainuka akaja kwenye kiti changu, akauliza, "Huyu si mgonjwa?" Akanifunua uso, akainama, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

Mimi nikafumbua macho. Nikaona mwanga, na katikati ya mwanga uso nisioutambua, karibu kabisa, na mkono umenishika kichwa. Na mdomo wangu, ambao kwa usiku saba ulikuwa umefanya kazi moja tu, kukemea mapepo, ukafanya kazi yake.

"Toka! Toka katika maisha yangu! Rudi ulikotoka na usirudi tena!"

Nyuma ya hema mtu fulani akaitikia, "Amina." (Ni mazoea, simlaumu.) Halafu hata masufuria jikoni yakanyamaza. Mama Mburu alikuwa amerudi nyuma hatua mbili, ameshika kitambaa chake cha kichwa. Ndipo nikamtambua. Nikatamani zile leso zinifunike tena, na safari hii ziwe kumi.

Mzee Karanja akavaa kofia yake taratibu. "Jamani," akasema, "sisi tumekuja kwa heshima. Mama wa kijana amefukuzwa na msichana mwenyewe, na watu wote mmesikia. Nafikiri tuwashe magari."

Nikamwona baba anasimama bila kujua anasimama kufanya nini. Nikamwona mama, na lile tabasamu likaanza kumjia. Nikaruka kwenda kumwangukia Mama Mburu nimwombe msamaha, lakini nilisahau nina leso mbili miguuni, basi sikupiga magoti, nilianguka mzima mzima kama gunia la viazi, uso kwenye nyasi mbele ya viatu vyake. Na hapa ndipo panaponiaibisha kuliko pengine pote. Sikuinuka haraka. Zile nyasi zilikuwa baridi, laini, na kwa sekunde chache, huku ndoa yangu inavaa kofia iondoke, nilikuwa nafikiria tu wakiniacha hapa nitashukuru.

Mama Mburu akachuchumaa. "Msichana, umelala lini mara ya mwisho?"

"Ijumaa ile nyingine, mama."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naomba mje." Nikaanza kulia, kilio cha mtoto, na makamasi yake.

Alinipangusa nyasi usoni. Kisha akainuka akamwambia shemeji yake, "Karanja, vua kofia. Huyu hajanikataa, huyu amechoka." Akanishika mkono, akauliza chumba kiko wapi, akanipeleka mwenyewe mpaka kitandani kwa mama yangu, akanivua viatu. Nikamwambia siwezi kulala, bado sijaulizwa. Maana kwetu kuna kibuyu cha uji mchachu (zamani ilikuwa pombe, lakini sisi ni watu wa kanisa), na hakinywewi mpaka msichana aulizwe mbele ya wote na aseme mwenyewe kinywewe, na kisiponywewa hakuna kilichofanyika.

"Wataketi," akasema.

"Na wakichoka kungoja waende?"

"Watu wangu mimi ndio ninawajua. Na Mungu mimi ndiye ninamjua kidogo. Mimi jioni nikitoka shamba mgongo hauniruhusu kupiga magoti, huwa naingia kitandani namwambia, Nimechoka, shika wewe. Ndiyo maombi yangu. Na asubuhi nakuta ameshika." Akavuta kiti akakiweka mlangoni kwa nje, akaketi. Nikamsikia akimwambia mtu apunguze muziki.

Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu nikiwa shule. Sikuota chochote, sikukemea mtu.

Nilipoamka jua lilikuwa limegeuka dirishani, karibu saa kumi na moja. Sikusikia muziki wala vigelegele huko nje, na nikajua wameenda. Nilikaa kitandani nikiangalia viatu vyangu vilivyopangwa vizuri chini, nikaogopa kufungua mlango. Nilipofungua, Mama Mburu alikuwa bado kwenye kiti chake, anamenya njegere za watu. Uwanjani wageni wote walikuwepo. Makoti yamevuliwa, wazee wa pande mbili wamechanganyika wanazungumzia bei ya parachichi, Mzee Karanja amelala kwenye kiti cha plastiki mdomo wazi, na Mburu ameketi kwenye nyasi karibu na kibuyu ambacho hakikuwa kimeguswa. Kwa zaidi ya saa tatu walikuwa wameketi hapo wakingoja neno langu moja.

Baba akasimama, akasafisha koo. "Njeri, hawa watu wameleta uji. Tunywe?"

"Kunyweni, baba."

Wakanywa.

Wambui hunitania kuhusu kukoroma, na Tata Wangari bado humwita Mburu "mume wangu", na hayo nimeyazoea. Mburu mwenyewe aliniuliza siku moja, bila kunikejeli, kama zile asubuhi zote nilikuwa macho kwa sababu nampenda Mungu au kwa sababu simwamini, na nilikasirika siku mbili kwa sababu swali lilikuwa la kweli. Zamu nimerudisha. Naomba mchana, naomba nikipima mapazia, na saa nne usiku simu iko kwenye kabati. Kwa usiku saba nilijiita mwombaji, kumbe nilikuwa nimekaa macho nikimlinda Mungu asije akasinzia akanisahau. Nimeapa sitamlinda tena.