Somo la Mkate

Kila asubuhi, kabla hajasema na mtu, shangazi yangu alikunywa maji ya vuguvugu na kuhesabu jedwali la saba kwa sauti ya chini, kupasha koo moto. Alikuwa amefundisha hesabu darasani miaka ishirini, halafu akaingia ofisi moja ya vyumba viwili inayotengeneza masomo ya watoto ya kusikiliza kwenye simu. Aliandika somo na kulisoma mwenyewe, dakika mbili tu. Mimi nilishinda naye pale ofisini, na kwa kuwa niliacha shule darasa la tano, kila somo walilijaribu kwangu: nikielewa mimi, somo linatumwa.

Kisha akaja binti tuliyemwita Kinanda kwa sauti yake. Haukupita mwezi, mkuu wa ofisi akatuonyesha takwimu. Masomo ya Kinanda watoto waliyamaliza. Ya shangazi waliyakimbia wote mahali pamoja, pale anapouliza swali na kunyamaza.

"Nawapa nafasi ya kufikiri," alisema shangazi.

"Dada, wanadhani simu imeganda. Wanazima. Kuanzia leo wewe andika, Kinanda asome."

Kinanda alicheka, akajiziba mdomo. Lakini shangazi alishaona.

Nyumbani hakugusa chakula. "Eti mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbona mimi naugua?" Akaandika somo la sehemu, la kugawa mkate. Sentensi moja ilikuwa na mistari sita, haina hata koma. Niliijaribu nikakwama.

"Shangazi, hii itamshinda."

"Si ni kinanda? Kinanda hakipumui."

Kesho yake Kinanda alifika mstari wa nne, pumzi ikamwishia. "Jamani, mwalimu wenu hoi! Ngojeni nipumue. Haya, nikipumua, wewe hesabu: vimebaki vipande vingapi?"

Mkuu hakuyakata maneno hayo kwenye rekodi. Wiki ile hakuna somo lililomalizwa na watoto wengi kama hilo.

Kinanda alikuja mbio, akamshika shangazi mikono yote miwili. "Mwalimu, ulijuaje pa kunikata pumzi? Niandikie mengine kama lile!" Hakuwa na hila yoyote, ndiyo maana iliuma zaidi. Shangazi alitoa mikono yake polepole, kama mtu anayetoa miba.

"Tena," mkuu akadakia, "hata yale yako ya zamani, ayarudie yote."

Wakaanza siku hiyohiyo. Ukuta ulikuwa wa mbao, tukasikia kila kitu. Shangazi alikaa akifuatisha kwa midomo bila sauti, neno kwa neno. Ilipofika kwenye swali alifunga mdomo, akangoja. Kinanda alishapita.

Shangazi akatungua mkoba wake msumarini.

"Unaenda wapi, shangazi?"

"Kaa hapo. Uwaambie kama umeelewa."

Akashuka ngazi bila haraka. Kinanda alitoka chumbani anatokwa jasho, anauliza mwalimu yuko wapi, amelionaje somo. Nikamwambia anarudi sasa hivi.

Tulifunga ofisi saa kumi na moja. Mezani pake shangazi hajakaa tena hadi leo.