Mtoto Alikaa Kitako, Wakaniambia Nitaje Jina

Akina mama, shikamooni mlionizidi umri, na nyinyi wadogo zangu, poleni na njia. Nesi amenipa nafasi niseme kabla hajaanza kupima. Jina langu ni Hadija, wengi mnaniita Mama Somoe. Mtanisamehe, sitasema kwa upole. Jambo hili lina miaka sasa, lakini nikilisimulia bado hasira inanipanda.

Nilikuwa mwanamke mwenye nguvu. Nimeolewa ukingoni mwa uwanda, upande wa Newala, na mnajua wenyewe: nyumba ziko juu, maji yako bondeni. Asubuhi nateremka na ndoo, napanda nayo kichwani, kisha naenda kuokota korosho. Somoe na mdogo wake niliwazaa salama, wala sikupiga kelele. Kwa hiyo mimba ya tatu haikunitisha.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kutufuata vijijini na malori yao. Mwezi wa nane wa mimba nikaenda zahanati. Nesi Felista akanipapasa tumbo, akarudia tena. Mimi mwenyewe nilikuwa nasikia kitu kigumu kinanibana chini ya mbavu, na mateke yote napigwa chini, kwenye kibofu.

"Mama Somoe, hiki kigumu ni kichwa. Mtoto amekaa kitako," akasema. "Anaweza kugeuka, anaweza asigeuke. Usizalie nyumbani. Wiki mbili kabla ya siku zako nenda mjini, ukae karibu na hospitali."

Akanifundisha kupiga magoti kama ninayesujudu, makalio juu, asubuhi na jioni. Nilifanya. Mtoto hakugeuka.

Nyumbani nikamweleza mama mkwe. Akaniangalia kama mwizi.

"Katika ukoo wetu mtoto hatangulizi matako," akasema. "Umekalia kinu, au umefanya lingine."

Akamleta mwanamke wa kunikanda. Aliminya tumbo kwa mafuta na viganja vyake vyote viwili, kama anakanda unga. Nilipiga yowe. Jioni nikaona damu kwenye kanga. Nikasema basi, hakuna mtu atakayegusa tumbo langu tena. Ndipo nikaitwa mkaidi. Nilipomwambia mume wangu, Issa, anipeleke mjini, akasema tungoje mzigo wa korosho upimwe. Tukangoja.

Uchungu ukanikuta asubuhi, nikipepeta mahindi. Maji yakamwagika mpaka miguuni. Nikapeleka mkono chini, nikagusa kitu kidogo chenye vidole. Ulikuwa mguu. Mguu wa mtoto wangu, uko nje, mwili uko ndani!

Nikaita. Mama mkwe akaja na wazee wawili wa kike. Nilidhani wamekuja kuniinua. Wakafunga mlango.

"Taja," akasema mama mkwe.

"Nitaje nini, Mama?"

"Mwanamume uliyetembea naye nje. Ukimtaja, mtoto atatoka. Usipomtaja, mtakufa wote wawili."

Nilikuwa nimeshika nguzo, jasho linanitoka, na wao wamekaa kwenye mkeka wananingoja kama mahakama. Kila uchungu ukija, wanauliza. Lakini hilo halikuniuma kama sauti iliyotoka nje ya dirisha. Ilikuwa ya Issa.

"Mama Somoe, kama lipo, sema tu. Sitakufanya kitu."

Watoto wawili nimemzalia mtu huyu! Nikajaza kifua pumzi.

"Haya, nataja!" nikapaza sauti, majirani wote wasikie. "Nimelala na Issa bin Hamisi! Yeye peke yake, tangu aliponioa! Mwiteni aje aone alichokifanya!"

Mlango ukapigwa teke. Issa aliingia analia, akanibeba mgongoni hadi ghala la chama cha ushirika, ambako lori lilikuwa linapakia korosho. Dereva akatikisa kichwa.

"Hili gari la biashara, si la wagonjwa. Damu itaharibu mzigo."

Sikilizeni hilo. Lori lilipanda mpaka mlangoni kwetu kuchukua korosho, lakini kwa mama anayekufa halina nafasi. Wanawake niliokuwa nateka nao maji walikuwa kwenye foleni ya mizani. Mmoja akaenda kuketi chini mbele ya tairi. Wa pili akamfuata. Kufumba na kufumbua walikuwa kumi na zaidi, na mmoja akamwambia dereva, "Haya, baba, washa." Dereva akafungua mlango wa nyuma.

Nililazwa juu ya magunia, Nesi Felista, aliyeitwa mbio kutoka zahanati, amepiga magoti pembeni yangu, akiniambia nisisukume. Kila shimo la barabara lilinipasua.

Hospitalini walituuliza kwanza glavu na wembe, maana zama za vya bure zilikuwa zimekwisha. Issa akakimbia dukani. Daktari akapima, akasema, "Mguu umetangulia, mapigo ya mtoto yanashuka. Tunapasua sasa hivi."

Nilipozinduka, tumbo linawaka moto, koo limekauka. Mtoto alikuwa mwanamke. Walinieleza kwamba alitoka wa buluu, wakamsugua mgongo kwa muda mrefu ndipo akalia. Mshono wangu ulitoa usaha wiki mbili. Nilitembea nimejikunja kama bibi kizee.

Mama mkwe alipokuja kutuona, nilimwuliza daktari mbele yake na mbele ya Issa, "Kwa nini mtoto alikaa vile?"

"Watoto wengine hukaa hivyo tu. Si kosa la mtu."

"Rudia, Daktari, kwa sauti."

Akarudia. Issa akainamisha kichwa. Mama mkwe akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema taratibu, "Mimi waliponiuliza, wakati wa kumzaa huyu Issa, nilitaja. Nilimtaja mtu ambaye hata salamu sikuwahi kumpa. Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Baba yake alinipiga kwa jina hilo mpaka alipokufa."

Akaninyooshea mkono, nikaupokea. Lakini hasira haikuisha, iliongezeka. Ni wangapi wametaja uongo ili wafunguliwe mlango? Na wangapi walikataa kutaja, wakazikwa na watoto wao tumboni, na juu ya kaburi wakaitwa wazinzi?

Namshukuru Mungu. Namshukuru Nesi Felista, na daktari yule, na wale wenzangu waliokaa mbele ya tairi. Wewe uliyeambiwa leo kwamba mtoto amekaa kitako, usikubali kukandwa, usingoje mzigo wa mtu upimwe, nenda mapema ukakae karibu na hospitali. Na nyinyi akina baba mliokaa pale nje, nanyi wakwe, nasema kwa sauti ili msikie. Mwanamke akishikwa na uchungu, swali ni moja tu: gari liko wapi?