Sheria ya mara kumi kwenye kaunta ya Verna

Saa tatu kasoro robo asubuhi, mvua ya Oktoba inanyesha bila haraka, na Verna Stidham anafungua kufuli ya mlango wa duka la silaha la Pruitt kwa mikono miwili. Zamani mmoja ulitosha. Akishaingia anawasha taa, anakivua kichwa cha kulungu kilichotundikwa ukutani kofia ambayo mteja aliisahau jana, kisha anakumbatia kikombe cha kahawa kwa viganja vyote viwili mpaka vidole vikubali kukunjuka.

"Usiandike hilo la vidole," anasema. Halafu anacheka. "Haya, andika. Mji mzima unajua, isipokuwa mimi."

Verna ana miaka 64, mjane, na kimo chake ni futi tano kasoro inchi moja hata akivaa buti. Kwa miaka 22 amesimama nyuma ya kaunta hii ya kioo mjini Bolling Fork, mashariki mwa Kentucky. Analipwa dola 14 kwa saa, siku nne kwa wiki. Cheo hana. Hata hivyo wanawake wanatoka kaunti tatu kuja hapa, na wakifika hawaulizi bei wala aina ya bastola. Wanauliza, "Yule mama wa mikono yupo?"

Kazi yake ni kuwatafutia watu wenye mikono midogo bastola wanayoweza kuibeba chini ya nguo na kuitumia siku ya shida. Nyingi ni bastola fupi za silinda, zenye risasi tano au sita, ambazo huku kila mtu anaziita rivolva. Unadhani ni kazi rahisi, mradi mkono mdogo unapewa kitu kidogo. Mwambie Verna hivyo uone atakavyokutazama.

Yeye mwenyewe alijifunza kwa njia chungu. Alikuwa mpishi wa shule, na mumewe Hollis, aliyempenda kupita kiasi, alimpa bastola kubwa nyeusi siku ya Krismasi, imefungwa utepe mwekundu. Mwezi wa pili, Jumapili adhuhuri, mtu alimjia nje ya duka la dobi akitaka ufunguo wa gari.

"Niliitoa," anasimulia. "Kidole hakikufika kwenye kifyatulio. Nikazungusha mkono ili kifike, mpini ukanicheza. Yule bwana akaninyang'anya kama mtu anayempokonya mtoto kijiko."

Aliondoka na gari na bastola. Verna alibaki na jino lililovunjika na hasira ambayo, kwa maneno yake, ingechemsha maharage. Kesho yake alivamia Duka la Pruitt akataka kujua ni mjinga gani aliyemuuzia mumewe kitu kile.

"Mimi," akajibu mzee Delbert Pruitt, mwenye duka. Hakujitetea. Alichana karatasi ya kaki, akaitandika kwenye kioo, akasema, "Weka mkono hapa, mama." Akauchora kwa penseli kuzunguka kila kidole. Kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole cha kati zilikuwa inchi sita na robo. Mzee akatazama mchoro ule kwa muda mrefu, akamwomba radhi, na wiki ya tatu akamwomba aje kufanya kazi.

Delbert sasa ni marehemu, na duka liko mikononi mwa mwanawe, Rodney. Mchoro ule bado umebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Mingine 611, ya wateja wa Verna, imepangwa kwenye maboksi ya viatu, kila mmoja na jina na tarehe.

Pamoja na michoro, Verna ana sheria moja. Mteja hutiliwa risasi bandia, huelekeza mtutu kwenye ndoo ya mchanga iliyo pembeni, na kufyatua mara kumi mfululizo bila kuondoka kwenye alama nyekundu ya ndoo. Akifikisha kumi, anauziwa. Akikwama tisa, haiuzwi hiyo, hata aje na mchungaji wake kumwombea. Verna mwenyewe amekuwa akijipima kila Januari mbele ya Rodney, kwa rivolva aliyoivaa kiunoni miaka yote hii.

Januari iliyopita hakujipima. Alisema ana mafua. Februari alisema ana wageni. Kufikia kiangazi Rodney aliacha kuuliza, na kwa kijana ambaye Verna ndiye aliyemfunza kazi, kunyamaza kule kulikuwa heshima na woga kwa pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo Rodney alilijua akanyamaza. Kwenye droo ya chini kabisa kuna rivolva moja kuukuu ya chuma, risasi sita ndogo, imetumika miaka hadi kifyatulio chake kikawa laini kama siagi. Duka zima hakuna ya pili. Imefungwa kikaratasi kilichoandikwa "Imewekwa", bila jina la mtu. Mwandiko ni wa Verna.

Saa nne na nusu mlango unafunguliwa. Anaingia Imogene Tackett, miaka 71, sweta ya kijani hadi magotini, na nyuma yake mwanawe Travis, aliyeendesha gari kwa saa mbili kutoka Lexington. Mume wa Imogene alizikwa Machi. Tangu hapo watu wasiojulikana wameng'oa nyaya za shaba za pampu yake ya maji mara mbili, na polisi wa karibu, ukiwapigia simu, wanafika baada ya dakika hamsini. Travis amempa mama yake sharti: ajifunze kubeba bastola, la sivyo ahamie kwake mjini.

"Kule kwake nitakaa ghorofa ya nne nikitazama maegesho," anasema Imogene. "Mimi nitafia kwenye baraza yangu, asante."

Travis anatoa kiboksi na kukifungua kwa fahari. Ndani kuna rivolva ndogo kuliko zote zinazotengenezwa, nyepesi kama haipo. Ni ya waridi.

Verna anaitazama. Anamtazama Travis.

"Nani alikuchagulia, mwanangu?"

"Mimi mwenyewe. Mama ana mikono midogo, nikaona..."

"Nina miaka sabini na moja," Imogene anamkatiza. "Mimi si keki ya siku ya kuzaliwa."

Anamwonyesha Verna kiganja. Kati ya kidole gumba na cha shahada kuna doa la zambarau, kumbukumbu ya Jumapili alipokwenda na Travis mlimani kuijaribu. Alipiga risasi moja, akaiweka bastola juu ya gogo, akaenda kukaa garini.

Kosa hili Verna amelikuta mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na karibu kila mara limefanywa kwa mapenzi. Mume, mwana au kaka anaona mkono mdogo, anakimbilia bastola ndogo na nyepesi. Hakumbuki kwamba uzito ndio unaomeza kishindo cha bastola inaporudi nyuma. Ikiwa nyepesi, kishindo chote kinaishia kwenye mfupa wa mpigaji.

"Hiyo ni punda," Verna anamwambia Travis kwa upole. "Umeilisha, umeipamba, na shukrani yake ni mateke. Haya, Bi Imogene, leta mkono."

Anachora. Imogene ana inchi sita na nusu, vidole vyembamba, gumba fupi. Verna anatoa rivolva ya chuma, nzito mara mbili ya ile ya waridi. Mpini wake wa mpira ni mnene, kidole hakifiki vizuri, kwa hiyo anachukua bisibisi na kufunga mpini mwembamba wa mbao. Sasa kidole kinakaa mahali pake. Anamwambia aitie mfukoni mwa sweta na kuitoa. Inanasa. Nyundo ndogo ya nyuma imeshika uzi wa sufu, na Imogene anavuta hadi mfuko unageuka ndani nje pamoja na peremende tatu na karatasi ya kupengea.

"Mwizi atacheka mpaka afe," anasema Imogene. "Tutaokoa risasi."

Inaletwa nyingine, isiyo na nyundo ya nje. Hii inatoka mfukoni bila ubishi. Verna anafungua silinda, anamwonyesha kuwa ni tupu, anatia risasi bandia, anamgeuza kuelekea ndoo ya mchanga. Imogene anafyatua moja, mbili, tatu. Ya nne inatoka kwa shida. Ya tano kidole kinagoma kabisa.

"Nne," anasema Verna. "Hii hutaibeba."

"Nne zinatosha! Kwani wanakuja jeshi zima?"

"Kumi, Bi Imogene. Siku ya hofu mkono unapoteza nusu ya nguvu zake. Ukiwa na kumi hapa, nyumbani utakuwa na tano."

Imogene anaweka bastola juu ya kioo taratibu. Amekuwa akikitazama kitu kingine tangu alipoingia, na sasa anakisema.

"Na wewe je, mdogo wangu? Nimeona unavyoshika hiyo bisibisi. Sheria ni msumeno."

Travis anakohoa. Rodney, aliyekuwa akipanga masanduku ya risasi, anaanza kuyapanga upya. Verna angeweza kucheka akabadilisha mazungumzo. Miezi tisa amekuwa akifanya hivyo na watu wanaompenda. Lakini ameulizwa kwenye kaunta, na mteja, na kwenye kaunta hii hajawahi kumdanganya mteja.

Anaichomoa rivolva yake kiunoni, anatoa risasi, anatia za bandia. Anasimama mbele ya ndoo aliyosimamisha mbele yake wanawake mia sita. Tano za kwanza zinatoka sawasawa. Ya sita ni polepole. Ya saba uso unamkunjamana. Ya nane haiji.

"Saba," anasema.

"Mama Verna, hiyo yako springi zake ni ngumu, unajua..." Rodney anaanza.

"Usiniongopee mbele ya wateja, Rodney."

Verna anaifungia rivolva yake kabatini, ile ya miaka 22, na hapo anakutana uso kwa uso na mchoro wa Delbert mlangoni. Machozi yanamlenga, na hayafichi. Kisha anainama mpaka droo ya chini. Rodney anajua anachokifuata, na anapiga hatua moja kama mtu anayetaka kuzuia.

Verna anakichana kile kikaratasi na kukitia mfukoni. Anaiweka rivolva kuukuu mbele ya Imogene.

"Jaribu hii."

Imogene anafyatua. Verna anahesabu kwa sauti, na kuanzia saba Travis anahesabu pamoja naye. Inafika kumi, na Imogene anaongeza ya kumi na moja kwa ubishi tu.

"Kikaratasi kile kilikuwa cha nani?" anauliza, akiwa bado ameielekeza kwenye ndoo. Ana masikio mazee, lakini macho yake hayapitwi na kitu.

"Cha mtu aliyekuwa anasitasita," anasema Verna. "Wewe una baraza ya kulinda. Ni dola mia tatu na ishirini, na ala ya kuichomeka kiunoni nakupa mimi. Usiiweke kwenye pochi. Pochi huwa unaisahau kwenye kigari cha supamaketi."

"Nimeisahau mara mbili mwaka huu," anakiri Imogene. Anamwambia Travis asubiri, anachukua penseli iliyo juu ya kioo. "Leta mkono."

"Wangu upo pale mlangoni."

"Ule ni wa msichana. Leta huu."

Imogene anachora bila ustadi, ulimi nje, akizunguka kila kifundo kilichovimba. Mchoro unapobandikwa kando ya ule wa Delbert, Verna anaitazama yote miwili, anasema kwamba mkono huu mpya unafanana na wa mama yake mzazi. Nambari yake ni 613. Ya Imogene ni 612.

Tangu siku ile wiki tatu zimepita, na ala iliyo kiunoni mwa Verna ni tupu. Anaivaa hivyo hivyo, ili wateja waulize, naye awaeleze. Rodney ameandikia maduka ya majimbo matano akitafuta nyingine iliyolainika vile. Nyumbani, kila asubuhi kabla ya kahawa, Verna anakanda unga wa biskuti za chai kwa dakika ishirini. Nusu ya mtaa sasa inakula biskuti zake, na daktari anasema vidole vimeanza kutii.

"Januari nitasimama mbele ya ndoo," anasema. "Safari hii nitawaalika watu. Nikipata kumi, tutakula. Nikipata tisa, tutakula vilevile, halafu nitasubiri hiyo ya Rodney."

Saa kumi na moja jioni, kabla hajazima taa, pikapu ya bluu inasimama nje. Ni Imogene, kama alivyofanya kila siku ya kazi tangu anunue, na sufuria ya maharage imefungwa mkanda kwenye kiti cha pembeni. Anashuka, anaivuta sweta yake ya kijani ikae vizuri, anatazama kushoto na kulia barabarani.

"Mlinzi amefika," anasema. "Twende, mdogo wangu."

Kutoka mlangoni hadi gari la Verna ni hatua kumi na tano. Leo, kwa maongezi, wametumia dakika arobaini.