Nesi Lhadol na Swali la Tatu

Naandika polepole, lakini jina lake nitaliandika sawasawa: Stanzin Lhadol, nesi wa wodi ya mifupa kule Leh, mji wetu wa milimani. Baba yake alibeba mizigo ya jeshi milimani. Mama yake alisuka mablanketi ya manyoya ya yaki, ng'ombe wa milimani, mpaka akapata ada ya kumsomesha unesi Chandigarh, mji mkubwa wa mbali kule bondeni. Akakaa miaka minne kwenye joto la huko, akarudi anaijua kazi, na anatembea kama mtu anayefukuzwa.

Mimi nilianguka kutoka kwenye paa nikianua aprikoti, nyonga ikavunjika. Wakaniwekea chuma. Daktari akasema nisiposimama kufikia Jumamosi, huenda nisitembee tena. Nina ng'ombe wawili na mume marehemu. Nani angewakamua?

Lakini kila nikijaribu kusimama, maumivu yalinikata pumzi. Lhadol akapita na kigari chake cha dawa.

"Abi-le, nikupe dawa ya maumivu?" Abi ni bibi, na hiyo "le" ni heshima ya kwetu.

"Hapana, mwanangu, usisumbuke."

"Haya." Akaandika, akaenda kitanda cha pili.

Asubuhi hivyo, jioni hivyo, siku tatu. Nilikuwa namngoja aulize tena. Kwetu mtu mwenye adabu hapokei kitu mara ya kwanza, hata akiwa na njaa ya siku mbili. Anakataa, anakataa tena, anabembelezwa, ndipo anapokea. Yule nesi alichukua "hapana" yangu akaenda nayo, na mimi si mtu wa kumkimbilia mtu nyuma.

Ijumaa daktari alisoma karatasi yangu kwa sauti: bibi huyu hana maumivu, ila hataki mazoezi. Abi Kunzes wa kitanda cha jirani akacheka.

"Dada, umeandikwa mvivu kwenye karatasi ya serikali."

"Mimi niliyezaa watano na kurudi shambani?"

"Karatasi haijui hayo."

Mchana mpwa wangu Tundup akaja na chupa ya chai ya siagi, chai ya kwetu.

"Shangazi, kunywa."

"Nimeshiba."

"Kidogo tu."

"Aa, kunywa wewe, umetoka mbali."

"Shangazi, unaniaibisha mbele za watu."

Basi nikanyoosha kikombe. Nilikunywa vitatu. Lhadol alikuwa kwa Kunzes akibadilisha bandeji, mikono yake ikasimama. Akamtazama Tundup, akanitazama mimi, uso ukamwiva.

Tundup alipoondoka, akavuta kiti akaketi. Tangu nilazwe hakuna nesi aliyeketi kwangu.

"Abi-le, unaumwa?"

"Kidogo, mwanangu. Una wagonjwa wengi."

"Nikuletee dawa?"

"Usijisumbue."

"Nisipokuletea, mama yangu atasema hakunifunza adabu. Na ana mkono mzito."

"Basi lete, asije akakupiga kwa sababu yangu."

Nilipokwisha kuimeza, hakujitetea. "Bibi, kosa ni langu. Nilikosomea wagonjwa walikuwa mia, tukauliza mara moja tu. Nikarudi nyumbani na masikio ya huko. Na adabu hii niliijua kabla sijajua kusoma."

Sijawahi kumsikia mtu mwenye sare akisema hivyo. Nikajikuta nasema, "Na mimi nilinyamaza kwa kiburi." Sikupenda kulisema neno hilo. Nililisema.

Jumamosi asubuhi, dawa ikiwa imeingia mwilini, nilisimama. Hatua nne mpaka dirishani, Lhadol amenishika mkanda kwa nyuma.

"Mvivu anatembea," Kunzes akasema, na macho yake yalikuwa na maji.

Siku hiyohiyo Lhadol alizunguka kitanda kwa kitanda akiuliza upya, akiwa ameketi. Watatu walikuwa wanaumia kimya kama mimi.

Theluji ilipoyeyuka alikuja kijijini kuniona. Chai niliyomwekea ilikuwa na siagi ya ng'ombe wangu, niliowakamua mwenyewe. Akasema gari linamngoja. Akasema amekwisha kunywa. Mara ya tatu akanyoosha kikombe, nami nikambebesha bonge la siagi akampelekee mama yake, kumshukuru kwa binti huyu.

Akiwa mlangoni akauliza kama mguu bado unauma.

"Unauma," nikamwambia, papo hapo.

Akarudi ndani, akaketi.