Kaka yangu alijidunga peptidi ya kuponya bega. Daktari alipouliza "mlichanganya na maji gani?" tukanyamaza

Wakuu, asalaam alaykum.

Haya yametokea nyumbani kwetu Pemba, sikuhadithiwa. Majina nimebadilisha, mengine yote nimeyaacha kama yalivyokuwa. Mwenyewe nimemwomba ruhusa kwanza, akanijibu, "Andika, huenda yakamfaa mtu."

Mimi nasomesha Biology sekondari. Kaka yangu, nimwite Hamad, ni mchumaji karafuu. Kwa msioijua kazi hiyo, mtu anapanda mkarafuu mpaka kwenye matawi membamba, anavuta tawi kwa mkono mmoja na kuchuma kwa mwingine, kutwa nzima.

Bega ndiyo kazi yenyewe.

Msimu mmoja tawi likamkatikia. Hakufika chini, alining'inia kwa mkono wa kulia mpaka wenzake wakamfikia. Tukashukuru sana. Ila bega halikuwa tena lile tulilolijua. Hospitali wakamwambia kano imechanika, si yote, na dawa yake ni kupumzika na mazoezi ya taratibu kwa miezi.

Miezi! Mwambie hivyo mchumaji anayeiona mikarafuu inaanza kuzaa.

Hapo ndipo akaingia Nassor, mtoto wa ami yetu. Yeye yuko Muscat, mtu wa gym, kila ugonjwa anao ushauri wake. Akatuma voice note ndefu: kuna peptidi, wachezaji wanaitumia kimyakimya, kano inaunga upesi kuliko unavyodhani. Haikupita muda, msafiri akaja nazo. Vichupa vya unga mweupe, pamoja na kichupa cha maji maalumu ya kuchanganyia.

Kile cha maji kilipasuka njiani. Kanzu za yule msafiri zilirowa zote.

Mimi nikaingia mtandaoni kusoma. Nitawaeleza kwa ufupi, maana najua humu wapo wanaozitumia.

Protini ni mnyororo mrefu, na peptidi ni kipande kifupi cha mnyororo wa namna hiyo. Mwili wenyewe unazo nyingi, hata insulini mnayoijua ni jamaa yao. Hii ya Nassor imetengenezwa maabara, na wanasema imeigwa kutoka protini iliyomo kwenye maji ya tumbo. Kwa panya, niseme haki, matokeo yanavutia. Kano zilizokatwa zinaunga vizuri, na mishipa midogo ya damu inaota pale penye jeraha.

Kwa binadamu nilitafuta mpaka macho yakauma. Nilichokuta ni tafiti ndogo ndogo za watu wachache, huwezi kuzitegemea. Na hiyo mishipa ya damu inayoota, nani amehakikisha haitaota pasipotakiwa? Mtu akiwa na uvimbe mbaya asioujua, si mishipa hiyo itaulisha ukue? Swali hilo bado liko wazi. Na kichupa chenyewe kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Kilichomo ndani kweli ni nini, hakuna aliyekipima.

Nikamwambia Hamad hayo yote. Akacheka.

"Weye mwalimu wa panzi," akasema, maana wanafunzi wangu huwapasua panzi. "Panya wapona, mie nisipone? Mie si bora kuliko panya?"

Nyumba nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Nikajisemea, kichupa cha maji kimeshapasuka, basi Mungu kaamua.

Hapa niseme kitu. Najua wapo watakaokuja kumwita kaka yangu mjinga. Hamad si mjinga. Ni mtu aliyekuwa halali ubavu wake wa kulia, anayeona kazi aliyoifanya tangu ujana inamponyoka. Wanaouza vitu hivi wanawajua watu wa hali hiyo kuliko tunavyowajua sisi ndugu zao.

Basi siku moja napigiwa simu, Hamad ana homa. Nafika nakuta anatetemeka, bega limevimba, jekundu, ukiweka kiganja unahisi moto. Alikuwa akijidunga hapo hapo begani, nami sina habari.

Tukamkimbiza hospitali. Wakatoa usaha, wakampa antibayotiki kwa mshipa. Tukangoja nafuu. Haikuja. Homa ikishuka asubuhi, jioni imerudi. Mama alikaa pembeni ya kitanda na tasbihi yake, hataki kula wala kubadilishwa zamu.

Daktari alikuwa mwanamama kijana, mpole. Akakishika kichupa cha unga tulichomletea, akakisoma, hakumgombeza mgonjwa.

"Huu ni unga," akasema. "Mliuchanganya na maji gani?"

Hamad akaangalia ukuta. "Maji tu. Ya sindano."

Nikamtazama, maana mimi nilijua maji ya sindano yaliishia kwenye kanzu za watu. Akanitikisia kichwa kidogo, kunizuia. Nikamtazama Mama, naye akainamisha uso.

Daktari hakuwa mtoto. Akavuta kiti, akakaa.

"Sikilizeni," akasema. "Simtafuti mkosaji. Vijidudu vinavyokaa kwenye maji ni vya aina yake, na dawa ninayompa sasa mara nyingi haivigusi. Nikiwa najua ni maji gani, nitajua cha kutafuta maabara na dawa ya kubadilisha. Nisipojua nabahatisha, na huku kiungo kinaliwa. Anaweza kuupoteza mkono. Usaha ukiingia kwenye damu, tutampoteza yeye."

Hamad akafumba macho, akakaza midomo. Ndugu yangu alikuwa tayari kufa na jibu lake.

Mama akasimama. Akatengeneza buibui lake kama anayetaka kusali.

"Yalikuwa Zamzam, daktari," akasema. "Nilokuja nayo mwenyewe kutoka hijja. Na nilochanganya ni mie."

"Mama!" Hamad akaita.

"Nyamaza, mwanangu. Nilisema maji haya hayaozi. Nimeyaweka miaka, hayakubadilika rangi wala harufu. Nilikuwa nimeyaweka saa yangu ikifika mnitie matone mdomoni. Nikaona mwanangu halali. Nikasema, mie nitakufa hata bila ya maji, yeye apone."

Hamad alipotolewa usaha hakutoa hata chozi. Hapo alilia, alilia kwa sauti, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Alijua ni Zamzam. Kwamba ni maji ya kufia ya mama yake, hakujua. Na mimi pia sikujua.

Ndipo nikafahamu kwa nini alimficha daktari. Aliona akisema, atakuwa ameyashitaki maji yale mbele ya watu, na mama yake pamoja nayo.

Daktari akamshika Mama mkono. "Bibi, hapa hakuna anayeyalaumu maji hayo," akasema. "Maji ya kunywa, hata yawe bora vipi, ni ya kunywa. Mdomo una walinzi wake, tumbo lina tindikali yake. Ndani ya bega hakuna mlinzi. Yale ya sindano yameuliwa kila kijidudu, basi, ndiyo tofauti. Na umeniambia kwa wakati."

Dawa zikabadilishwa siku ile ile. Sampuli zikapelekwa Unguja, majibu yakarudi kama alivyohisi, kijidudu cha majini. Akafanyiwa operesheni, kiungo kikaoshwa. Akakaa hospitali mpaka tukazoeana na walinzi wa getini.

Yuko hai, alhamdulillahi. Mkono anao, lakini haupandi kupita kifua. Karafuu zikiletwa nyumbani, yeye sasa anakaa mkekani na akina mama, anachambua kwa mkono wa kushoto. Wenzake wakipita na magunia huwaamkia vizuri, kisha anaendelea.

Wakuu, sijaja kusema peptidi ile ni sumu. Sijui. Hata daktari alisema kisa chetu hakithibitishi chochote juu ya unga ule, wala hatuna uhakika kwamba unga wenyewe ulikuwa safi. Ninachosema ni kwamba kitu kilichoandikwa "cha utafiti" maana yake majibu yake bado, na ukijidunga umejitia kwenye utafiti ambao hakuna anayekufuatilia. Na mkishafika hospitali, mwambieni daktari kila kitu, hata kile mnachokiheshimu kuliko roho zenu. Mama yangu hakwenda chuo, lakini ulimi wake ndio uliomwokoa mwanawe.

Nimeandika kwa sababu moja zaidi.

Juzi nilikwenda kumuamkia Mama. Akaniuliza, "Mwalimu, ule unga, lau ningelitia maji mengine, ungelimponya?"

Nilijua anachouliza. Nikisema ndiyo, basi yeye ndiye aliyemharibia mwanawe. Nikisema hapana, atalala. Ningeweza kusema hapana, ni neno moja tu. Lakini mimi ndiye niliyesoma, na kwenye kusoma kwangu kote jibu hilo sikulikuta.

Nikamwambia, "Sijui, Mama. Hakuna anayejua."

Akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo kila nikienda ananiuliza tena, kwa maneno yale yale.

Kama humu yupo daktari, mfamasia au mtafiti mwenye jibu, tafadhali aandike hapo chini. Msinipe la kunifariji. Nipeni la kweli, nimpelekee Mama.