Mfuko wa Tatu wa Mama Okinyi

Mafuta yanachemka kwenye karai, samaki aina ya ngege wameiva upande mmoja, lakini Maryanne Adero hatulii. Anatazama barabara. Anagusa mfuko wa kulia wa aproni yake, anauacha, anaugusa tena.

Mfuko huo una shilingi elfu sita, mtaji wa samaki wa kesho. Asubuhi hii habari zimefika hapa ufuoni Dunga kwamba Walter, mwenye boti anayemuuzia Adero samaki, amefiwa na mama yake. Mchango ni jioni, na kila jina litasomwa kwa maiki pamoja na kiasi alichotoa mwenyewe.

"Nikitoa elfu mbili watanipigia makofi," asema. "Kesho nitakaanga nini? Makofi?"

Adero, 46, ambaye wote ufuoni humwita Mama Okinyi, amekaanga samaki hapa miaka kumi na minne. Mumewe, Griffins, aliaga dunia miaka miwili iliyopita. Watu walichanga, wakapika, wakakesha naye uani kwenye baridi hadi siku ya mazishi. Tangu hapo hakuweza kukosa matanga ya mtu.

"Kila nikikutana na aliyenisaidia, nilihisi macho yake yananidai. Nilikuwa natoa tu. Mwezi mmoja nilitoa elfu tisa, na Okinyi yuko nyumbani kwa sababu ya karo."

Aliyemzindua ni Waithira, muuza mafuta ya kupikia mjini Kisumu, alipoenda kukopa mtungi kwa mara nyingine.

"Mama Okinyi, wewe unauza samaki ama unauza matanga?" Waithira alimuuliza mbele ya wateja.

"Nilikasirika, nikarudi Dunga na miguu," Adero akumbuka. "Lakini nilipofika, nilitafuta sindano."

Sasa aproni ina mifuko mitatu. Wa kulia ni wa samaki, wa kushoto wa nyumbani. Wa tatu, mdogo, umefungwa kwa pini. Huo ni wa matanga. Kila siku anatia hamsini, na zikiisha, zimeisha.

Walter anafika, macho mekundu.

"Mama Okinyi, leo tunakutegemea. Mzee wako tulimzika vizuri."

Mkono wa Adero unaenda kulia, unasita, kisha unafungua pini.

"Mlimzika vizuri, baba. Siwezi kusahau. Hii ni mia tatu. Jioni nitakuja na karai, niwakaangie wageni wako samaki wa boti yako mpaka washibe."

"Mia tatu isomwe kwa maiki?"

"Isomwe. Na usiruke jina langu."

Walter anazikunja noti, anatikisa kichwa. "Basi usichelewe na hiyo karai," asema, na kuondoka.

Adero anamtazama mpaka anapotelea nyuma ya boti. Hajui kama kesho atauziwa samaki kwa bei ile ile. Anachojua ni kwamba pesa za kununua zipo.

Anataka friza kuukuu, ili samaki waliobaki wasiende kwa bei ya kutupa. Ameiona moja mjini, elfu kumi na nane.

"Uzi nimeshanunua," asema, akigeuza ngege walioanza kuungua. "Wa mfuko wa nne."