Mama akiwa eda, mbayuwayu walijenga kwenye kuti kavu la mnazi wetu

Wakuu, salamu kwenu. Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu, leo zamu yangu. Atakayesema ni chai aje Kaole nimuoneshe mnazi wenyewe.

Baba yetu alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Mama akakaa eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu anatulia nyumbani miezi minne na kitu, hatoki bila dharura na haonani ovyo na wanaume wasio wa familia. Nikafunga duka langu la Zinga, nikarudi nyumbani kuwa naye.

Eda yenyewe haikuwa shida. Shida ni kwamba mama alinyamaza.

Mama yangu ni mtu wa maneno, akianza kusalimia watu chai inapoa. Sasa akawa anaitikia kwa kichwa, chakula anakigusa tu. Shangazi anakuja kila siku kumbembeleza, wapi. Wakuu, niliogopa. Nilikuwa nimetoka kuzika mzazi mmoja.

Kutwa alikaa dirishani anaangalia mnazi wa uani. Nilijua anamuwaza baba, maana ndiye aliyeupanda.

Ikakaribia hitma ya arobaini. Wali wa nazi lazima, nikamwita mkwezi aangue nazi. Na kwa kuwa napenda usafi (shangazi anasema nina kero), nikamwambia akiwa huko juu akate na makuti yote makavu yanayoning'inia.

Jamaa akapanda. Ile anachomoa panga tu, sauti ikatoka nyuma ya pazia la dirisha:

"Mwambie hilo la upande wa kibla asilikate. Lina watoto."

Hata sikuwaza ni watoto gani. Ilikuwa ile sauti ya mama ya zamani, ya kunikataza kwenda kuogelea. Mkwezi kwa adabu hakugeuka kutazama dirisha. Akajibu, "Nimesikia, mama," akahamia upande wa pili.

Nikachukua simu nika-zoom. Kweli bwana. Mbayuwayu wale wadogo wa kijivu, mkia kama mkasi, wamebandika manyoya kwa mate yao kwenye jani. Kiota hakifiki hata kiganja, na upepo wa huku mnaujua. Sisi mtu akiwa hatarini tunasema amekalia kuti kavu. Hawa wamehamia humo na familia.

Jioni nikakaa nje chini ya dirisha lake, akaanza kunihadithia. Walivyookota manyoya hewani. Walivyopokezana kulalia mayai. Upepo ukizidi, yeye huwaombea dua. Nusu ya hayo maelezo sikuyaelewa, nilikuwa nasikiliza sauti tu.

Halafu akaomba uji. Akamaliza bakuli. Nilikwenda jikoni nikalia, siwafichi.

Tangu hapo kila jioni napewa ripoti. Siku makinda waliporuka aliniita kwa kelele, nikatoka bafuni na povu kichwani.

Eda ilipoisha alioga, akavaa kanga mpya, akatoka hadi chini ya mnazi. Akatazama juu, akanigeukia:

"Sasa mwite mkwezi alikate. Wenyewe wameshahama."

Lile jani lenye kiota akalichomeka ukutani chumbani kwake. Majani mengine ya kuti hilo akayachambua chelewa, akafunga fagio, akafagia uwanja wote mwenyewe hadi njiani. Kila anayepita anasalimiwa. Chai ikapoa, wakuu, na sikuwahi kufurahia chai baridi kama siku ile.

Nilichojifunza: mwenye msiba usimharakishe kuchangamka. Na kabla hujamsafishia kitu, muulize kwanza anakiangalia kwa nini.

Waliowahi kukaa na mzazi aliye eda, nyie mlimsaidiaje? Na anayewajua hawa ndege anijibu kama huwa wanarudi. Kuna kuti jingine limeanza kukauka, mama amenipiga marufuku kulisogelea.